Ufuo wa Bi Hamdiya

Bi Hamdiya alikufa asubuhi akigeuza vitumbua. Aliweka kijiti cha kugeuzia ukingoni mwa kikaango, akaegemea ukuta, akamwambia bintiye, "Sitara, shika hapa," kisha akafa. Sitara alimfumba macho, akamnyoosha miguu na kumfunika kanga. Halafu akavikaanga vitumbua vilivyobaki, maana wateja walikuwa wamesimama mlangoni na sahani zao na unga ulikuwa umeshaumuka. Kila aliyepokea vyake alitoa pole akaenda kuwaambia wengine, na kabla moto haujazimwa mtaa mzima ulikuwa na habari.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa Kariakoo, upande unaoteremka kuelekea bonde la Msimbazi. Kelele za soko zilifika pale, lakini maneno yalikuwa yameshachakaa njiani. Viwanja vya upande huo walikuwa wamepewa watu waliohamishwa kutoka Kokotoni. Udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na masika huwa uji. Siku hiyo ilikuwa masika.

Bi Zeina, mwosha maiti, alikuja na jembe lake la mpini mfupi kuchimba ufuo. Ufuo ni ule mfereji unaochimbwa chumbani, chini ya kitanda cha kamba anacholazwa maiti, ili maji ya kumwoshea yaingie ardhini palepale, yasikanyagwe na watu wala kunuswa na mbwa. Bi Zeina alikuwa amewaosha wanawake wa Kokotoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi hata siku moja kuiuliza ardhi kama iko tayari. Alipiga jembe mara chache tu, maji yakapanda kutoka chini, meusi, yananuka majani yaliyooza. Akayateka kwa kata. Yakarudi. Akamwaga jivu la jikoni, jivu likaelea. Ufuo ulikuwa umejaa na maiti hajaguswa hata tone.

Bi Hamdiya alifumbua macho, akageukia ubavu, akachungulia chini ya kitanda.

"Mimi siogi hapo," alisema.

Bi Zeina akamwambia alale, maiti haulizwi. Bi Hamdiya akaketi, akajifunga kanga vizuri kifuani.

"Zeina, umemwosha mama yangu. Umemwosha dada yangu. Maji yao yalirudi juu?"

"Hayakurudi."

"Basi."

Mwinyimvua, mdogo wake Bi Hamdiya, alikuwa amekuja kuuliza habari za sanda. Alimkuta dada yake amekaa kitandani amekunja uso. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akauliza kwa adabu kama dada atakuwa tayari kabla ya alasiri, kwa kuwa vijana walikuwa wameshakwenda kuchimba kaburi. Bi Hamdiya akajibu kwamba yeye alikuwa tayari tangu asubuhi. Ambao haukuwa tayari ni udongo. Aliwataka wamletee changarawe za nyumbani kwake, kikapu kimoja tu kingetosha kutandikwa chini ya kitanda, vinginevyo angebaki hivyo alivyo hata Idi ikaja ikapita. Na jua lilikuwa linapanda, na mtu aliyekufa asubuhi si haki alale juu ya ardhi mpaka kesho.

Sitara alikuwa binti wa maneno machache. Shuleni alikuwa amefika darasa la pili akaacha, na kati ya vitu alivyovikimbia ni kule kusimama na kusema mbele za watu. Lakini alijua mama yake alikuwa anaomba kitu gani, na alijua kilikuwa wapi.

Kokotoni palikuwa kama ngazi. Zamani sana mto ulipita kule juu, kisha ukajishusha bondeni, ukaacha nyuma yale yote uliyoshindwa kuyabeba. Juu palikuwa na udongo wa kahawia wa kina cha kiganja. Chini yake changarawe za mviringo, laini kama zimelambwa, zimechanganyika na mchanga mwekundu, zinazidi kuwa kubwa kadiri unavyochimba, mpaka unafikia mawe ya ukubwa wa nazi. Ukimwaga ndoo ya maji hapo, ukigeuka hayapo. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi watu walicheza bao uani wamekaa chini, na nguo hazikuchafuka. Vyoo havikujaa. Ni kweli kwamba mahindi yalinyauka mapema, na mchicha ulitaka kumwagiwa asubuhi na jioni, na wanawake waliutukana udongo ule kila kiangazi kwa matusi ya nguoni. Lakini waliutukana kama mtu anavyomtukana mumewe, hawakutaka auchukue mtu mwingine.

Kwanza walikuja watu wa mbu, na kata zao ndefu na chupa zao, kutafuta maji yaliyotuama. Hawakuona hata kiluwiluwi kimoja, wakaondoka wamenuna. Halafu akaja mzungu wa barabara. Akachimbisha shimo, akamwagisha debe la maji, akatoa saa mfukoni. Kabla hajafungua kifuniko cha saa maji yalikuwa yamekwisha. Akatabasamu. Watu wa Kokotoni nao wakatabasamu, wakadhani mahali pao pamesifiwa. Na kweli palikuwa pamesifiwa. Baada ya mavuno wakaambiwa wahame kwa ajili ya afya zao, kwa kuwa walikaa karibu na bonde na bondeni kuna mbu. Wakateremshwa wakawekwa karibu zaidi na bonde. Malori yakaibeba Kokotoni, ngazi nzima, yakaipeleka Uzunguni, ikawa barabara, ikawa vijia vya bustani, ikawa uwanja wa tenisi wa kuchezea mvua ikishakatika. Wenye nyumba hawakuulizwa ndani ya udongo ule walikuwa wameweka nini. Bibi yake Sitara aliishia chini ya uwanja wa tenisi. Si mwili wake, bali maji yake ya mwisho. Waokota mipira walisema kuna pembe moja ya uwanja ambapo mpira ukidunda hurudi umelowa, hata wakati wa jua kali, na unanukia karafuu maiti. Wachezaji walikuwa wameshazoea. Waliufuta kwa taulo wakaendelea.

Sitara akajifunga kanga, akafuatana na mjomba wake mpaka Boma, kwenye ofisi ya Serikali.

Karani wa Bwana Shauri, mzungu aliyeamua mambo ya wenyeji, aliitwa Anselmi, kijana wa Kilimanjaro. Kiswahili alikisoma misheni, na alikisema kwa usafi hata watu wa Kariakoo wakawa wanamcheka, wakimwita Kamusi. Mwinyimvua alipofika mbele ya meza ya Bwana Shauri alivua kofia, na sauti ikavuka nayo. Ikabidi Sitara aseme, naye akasema akiwa ameinamia sakafu.

"Tunaomba changarawe kidogo za Kokotoni, za ufuo wa mama."

Anselmi akatafsiri. Bwana Shauri akafurahi, akajibu kwa maneno mengi.

"Bwana anasema ufuo ni wa watu wote," alisema Anselmi. "Nendeni mkachote changarawe mpendavyo, hata mchanga. Ila msiende upande ule wanakoogelea Wazungu."

Sitara akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama kofia.

"Si ufuo wa bahari," alisema Sitara. "Ni ufuo wa chumbani."

"Ufuo uko chumbani?"

"Ndiyo."

Anselmi akaweka kalamu chini. Alikuwa ameshachezewa sana na watu wa mji huu. Waliwahi kumtuma dukani kununua kivuli cha mnazi, naye akaenda. "Dada," alisema polepole, "mimi si mtoto. Kama umekuja kunitania, nenda katanie sokoni."

Ndipo Sitara akamweleza, kwa sauti ndogo, kitanda cha kamba, mfereji, maji, mama yake aliyekaa nyumbani amekufa na amekasirika. Anselmi hakucheka. Alisema kwamba kwao mtu huzikwa migombani, na udongo wa kule unapokea kila kitu, hakuwahi kufikiri kwamba uko udongo unaokataa. Akamgeukia Bwana, akaanza upya, akazungumza muda mrefu. Bwana Shauri akasikiliza mpaka mwisho. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Bwana anasema changarawe ikishawekwa barabarani si changarawe tena," alisema Anselmi. "Ni barabara. Na barabara ni mali ya Serikali." Akaichukua tena kalamu. "Pia anasema kuosha maiti ndani ya nyumba kunaleta maradhi. Atatuma mtu wa mbu aje kuangalia hilo shimo."

Maneno ya kujibu yalimjia Sitara yote kwa pamoja, yamejipanga, kila moja na makali yake. Aliyahesabia nafasi kinywani. Kisha akasema, "Ahsante," kwa kuwa ndilo alilofundishwa kusema mahali kama pale. Neno hilo likamchoma. Alipofika nyumbani ulimi ulikuwa umetoka lengelenge kubwa kama punje ya mahindi.

Bi Hamdiya alikuwa bado amekaa, na chumba kimejaa wanawake. Mtu wa mbu, kijana mmoja aitwaye Marcelino, alikuwa ameshawatangulia kwa baiskeli. Alikuwa amechutama chini ya kitanda anatia kata yake ndefu ndani ya ufuo. Akawaambia wayatoe maji yale haraka maana yataleta mbu. Bi Zeina akamuuliza kama ana mahali pa kuyapeleka. Akasema hilo si la idara yake, akapanda baiskeli akaenda.

"Wamesemaje huko?" aliuliza Bi Hamdiya.

"Wanasema si changarawe tena, mama. Ni barabara."

Bi Hamdiya akafikiri kidogo.

"Haya. Nipelekeni barabarani."

"Hamdiya, uoshwe njiani kama gari?" alisema Bi Zeina.

"Bora gari. Gari likioshwa linatakata."

Wakaazima jeneza msikitini. Mwinyimvua, kwa kuona njia ni ndefu, alimuuliza dada yake kama hangeweza kutembea walau mpaka sokoni. Bi Hamdiya akamwambia kwamba alishatembea miaka yote ya uhai wake, na faida pekee ya kufa ni kubebwa. Kulala hakukubali. Akabebwa ameketi, mgongo wima, kanga imemfunika kichwa, mkono mmoja umeshika ukingo wa jeneza. Nyuma yake wanawake walijitwika kitanda cha kamba, mitungi ya maji na majani ya mkunazi, na Sitara alibeba kafuri na pamba.

Walipita katikati ya Kariakoo. Kama ilivyo desturi, kila mwanamume waliyekutana naye aliacha kazi yake akatia bega hatua chache, akapokewa na mwingine. Wachukuzi walitua magunia. Mwarabu wa duka la halua alishusha nusu ya mlango na kusimama nje mpaka jeneza lipite. Watu walimwamkia Bi Hamdiya, naye akawaitikia. Fikirini, muuza samaki, alimfahamu tangu Kokotoni, na alitembea ubavuni mwake akipunga nzi.

"Umekufa lini, Bi Hamdiya?"

"Leo asubuhi."

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

Fikirini akacheka, na waliobeba wakacheka, na jeneza likatikisika. Bi Hamdiya akawaambia waangalie, wasije wakamuua. Sitara peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama jua.

Wakavuka uwanja wa Mnazi Mmoja, ule uliosafishwa ukaachwa wazi ili maradhi ya Kariakoo yakianza safari yachoke kabla ya kufika Uzunguni. Maradhi yalichoka au hayakuchoka, hakuna aliyejua, ila watu waliokuwa wamebeba jeneza walichoka. Upande wa pili wakaikuta barabara. Asubuhi ilikuwa imenyesha mvua kubwa, na nyuma yao Kariakoo nzima ilikuwa imezama kisigino. Barabara ile ilikuwa kavu. Ilikuwa ya kahawia inayoelekea wekundu, imeshindiliwa vizuri, na pembeni yake maua ya Wazungu yalisimama hayana tope hata jani moja.

Bi Hamdiya akainama kutoka juu ya jeneza, akachukua gao la changarawe, akanusa.

"Hii ya mlangoni kwetu," alisema. "Hapa hapa."

Wakaweka kitanda. Akajilaza mwenyewe. Wanawake wakamzunguka, wakainua kanga na shuka kumsitiri, na wanaume wakasogea mbali wakageuza migongo. Hawakuchimba mfereji, maana hawakuwa na haja. Bi Zeina alitia kata mtungini akamwagia upande wa kulia, kisha wa kushoto. Maji yakapita kwenye kamba, yakagusa barabara, yakaingia. Yalitoa sauti ya maji yanapotiwa kwenye mtungi uliokauka siku nyingi. Mtungi baada ya mtungi, barabara ilikunywa, na juu yake hapakubaki hata unyevu.

Ndipo Bwana Shauri akatoka nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa amerudi kula na alikuwa ametuma Anselmi aitwe. Askari wawili walikuja pamoja naye, wakaona wanaume waliogeuza migongo, wakageuza na ya kwao. Bwana Shauri akasema neno.

"Bwana anauliza mtamaliza saa ngapi," alisema Anselmi, akiwa ametazama chini. "Ana wageni wa chai."

Bi Zeina alikuwa anatia maji ya mwisho, yale ya kafuri. Nyuma ya kanga Bi Hamdiya alikuwa amemshika Sitara kifundo cha mkono.

"Wameondoka?"

"Wapo, mama. Wanataka kunywa chai."

"Ulimi wako una nini?"

"Niliwaambia ahsante."

Bi Hamdiya akamtazama kwa hasira kubwa, hasira ambayo haikuwa ya Sitara ingawa ilikuwa imemwangukia yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Akataka kusema kitu. Lakini tone la mwisho lilikuwa limeshaingia ardhini, naye akafa kama watu wengine wanavyokufa. Vidole vikalegea, taya likaanguka. Sitara akamfunga kitambaa kidevuni. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na machozi yalipoanguka barabara ikayanywa nayo.

Bwana Shauri akasema jambo jingine, refu zaidi, akionyesha barabara kwa fimbo yake. Anselmi hakulitafsiri. Alivua viatu, akaenda kusimama pamoja na wanaume, akageuza mgongo.

Bi Hamdiya alizikwa jua halijazama. Lile ambalo Anselmi hakulitafsiri walilielewa wiki chache baadaye, lami ilipokuja. Barabara ile ikapakwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, ikapakwa hata vijia, na uwanja wa tenisi ukamwagiwa saruji, mipira ikaacha kulowa. Anselmi alihamishwa, wengine walisema Singida. Pale palipokuwa Kokotoni lilibaki shimo, na shimo likajaa maji ya mto, na maji yakajaa mbu. Watu wa mbu walikwenda na kata zao, safari hii wakapata viluwiluwi chupa tele. Wakaandika kwamba wenyeji wa mahali pale walihamishwa kwa wakati unaofaa.

Masika yaliyofuata akafa Bi Zeina. Sitara ndiye aliyeitwa kumwosha, maana alikuwa amerithi jembe. Alichimba ufuo, ufuo ukajaa, na Bi Zeina akaketi kitandani bila kuomba changarawe, kwa kuwa mambo yote alikuwa anayajua. Lami hainywi. Mahali pa kumpeleka hapakuwapo. Wakamsogeza karibu na dirisha ili apate upepo. Katika nyumba ya jirani bibi mwingine wa Kokotoni alikuwa amekaa hivyo tangu mwezi wa mfungo sita, na nyumba ya nyuma wawili. Wenye nyumba walijibana wakawapa nafasi. Watoto walipita mbele yao wakiinama, na wageni waliwaamkia kwanza wao kisha walio hai.

Marcelino alikuja Ijumaa na kata yake ndefu. Akampa Bi Zeina shikamoo, akaitikiwa. Akamzunguka, akachutama chini ya kitanda, akatia kata ndani ya ufuo, akainua chupa kwenye mwanga.

"Haya maji lazima yatoke," alimwambia Sitara. "Leo leo. La sivyo nakupeleka Boma."

"Niyamwage wapi?"

Marcelino akaonyesha mlango kwa kata yake. Nje maji yalikuwa yamefika kizingitini.

Sitara hakusema ahsante. Aliteka maji ya ufuo kwa kata mpaka ndoo ikajaa, akatoka nayo mlangoni mbele ya macho ya Marcelino, akayamwaga. Yakarudi ndani kabla yeye hajarudi.